Usingizi Mfupi wa Mchana si Uvivu



Je, umewahi kushika jembe saa 8 mchana ukaona macho yanajifunga yenyewe? Umewahi kusoma ukurasa mmoja mara 3 bila kujua umesoma nini? Umewahi kusinzia katika mkutano wa kijiji mpaka jirani akakugusa bega? Kama jibu lako ni ndiyo, usione haya. Watu wengi hupatwa na hali hiyo.

Wengi wetu hujilaumu. Hudhani wamekuwa wavivu. Wengine humcheka mtu akijilaza mchana, hata kama ameamka kabla ya jogoo kuwika. Lakini mwili una sababu zake. Usingizi mfupi wa mchana, ukitumiwa vizuri, huongeza nguvu, hupunguza makosa na huokoa maisha.

Katika makala hii tutaeleza kwa nini usingizi huja mchana, ulale kwa muda gani, na ujilaze wapi. Tutaeleza pia ni nani ananyimwa mapumziko hayo katika nyumba zetu, ingawa anayahitaji kuliko wote.

SIKU YA KAZI MILIMANI

Tuangalie maisha ya Lushoto, katika Milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nchi yake ni ya miteremko mikali. Mashamba mengi yako kwenye miteremko hiyo. Mengine yako mabondeni kando ya mito, ambako wakulima hupanda kabichi, karoti, nyanya na hoho. Familia nyingine zina mashamba ya mahindi huko chini nyikani. Kwa hiyo kwenda shambani ni kupanda na kushuka, na kurudi nyumbani ni kushuka na kupanda. Mara nyingi safari ya kurudi huwa na mzigo kichwani.

Hebu tuhesabu siku ya mama mmoja wa milimani. Anaamka saa 10 alfajiri. Anawasha moto, anateka maji, anafagia, anawapikia watoto uji. Saa 12 asubuhi yuko njiani kwenda shambani, na mtoto yuko mgongoni. Analima mpaka saa 6 mchana. Anaporudi anabeba mzigo wa majani, kwa sababu ng'ombe wengi wa Lushoto hufugwa bandani na huletewa chakula. Akifika anapika makande. Baada ya kula, anaosha vyombo na kwenda kutafuta kuni. Jioni anapika tena. Anaingia kitandani saa 4 usiku.

Kutoka saa 4 usiku mpaka saa 10 alfajiri ni saa 6. Wataalamu wa afya hushauri mtu mzima apate usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Basi mama huyu anapungukiwa na saa 1 kila siku. Kwa wiki moja anapungukiwa na saa 7. Hiyo ni sawa na kukosa usingizi wa usiku mzima mara moja kila wiki.

Hilo ni deni. Mwili hulikumbuka deni la usingizi kama mwenye duka anavyokumbuka deni la sukari. Usipolipa kwa hiari, mwili utajilipa wenyewe. Utakusinzisha ukiwa na panga mkononi, au ukiwa umempakata mtoto karibu na moto.

KWA NINI USINGIZI HUJA MCHANA?

Kuna sababu kubwa 2.

Sababu ya kwanza ni kwamba uchovu hujikusanya. Tangu unapoamka, ubongo wako unafanya kazi. Kazi hiyo huacha kitu kinachoitwa adenosini ndani ya ubongo. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyoongezeka, na ndivyo unavyotamani kulala. Ukilala, adenosini hupungua. Ndiyo maana ukiamka asubuhi baada ya kulala vizuri unajisikia mwepesi.

Sababu ya pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga mwendo wa mwili kwa mchana na usiku. Sehemu hiyo hutuambia wakati wa kuwa macho na wakati wa kulala. Kwa watu wengi, saa hiyo huleta usingizi mkali kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Kisha huleta usingizi kidogo kati ya saa 7 na saa 9 mchana.

Watu wengi hudhani usingizi wa mchana huletwa na chakula tu. Ni kweli kwamba mtu aliyeshiba sana husinzia zaidi. Lakini hata mtu ambaye hajala chakula cha mchana huweza kupatwa na usingizi saa hizo. Ni mwendo wa mwili wake.

Watu wa pwani wanayajua mambo haya tangu zamani. Mapumziko ya mchana huitwa kailula, neno lenye asili ya Kiarabu. Mtu hurudi nyumbani, hula, hujinyoosha kidogo, kisha huendelea na kazi jua likiwa limepungua ukali.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamechunguza jambo hili. Tutataja mifano michache.

Shirika la mambo ya anga la Marekani, NASA, liliwachunguza marubani wa ndege za safari ndefu. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1994. Marubani wa kundi moja walipewa dakika 40 za kupumzika kwenye viti vyao, kwa zamu, huku wenzao wakiendelea kuongoza ndege. Kwa wastani walilala dakika 26. Kundi la pili halikupewa nafasi hiyo. Waliolala walikuwa macho zaidi na walifanya kazi vizuri zaidi. Wale ambao hawakulala walipatwa na vipindi vifupi vya kusinzia, hata ndege ilipokuwa inakaribia kutua.

Huko Ugiriki, watu wazima zaidi ya 23,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Watu waliokuwa na desturi ya kupumzika mchana walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wasiopumzika. Tofauti hiyo ilionekana zaidi kwa wanaume waliokuwa bado wanafanya kazi. Lakini tusikimbilie kusema kwamba usingizi wa mchana ni dawa ya moyo. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba watu wanaolala mchana kwa muda mrefu, zaidi ya saa nzima, mara nyingi ndio wenye kisukari au ugonjwa wa moyo. Huenda ugonjwa ndio unaowafanya walale sana. Kwa hiyo fundisho ni kupumzika kwa muda mfupi.

Hapa kwetu Tanzania, Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi walishiriki katika uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2015. Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia walichunguzwa pia. Watu wa jamii hizo walikuwa hawatumii umeme wa kuwaangazia usiku. Wataalamu waliona kwamba hawakulala mchana kila siku. Siku za joto walilala mchana mara nyingi zaidi kuliko siku za baridi. Nasi tunajifunza kwamba usingizi wa mchana si sheria ya kila siku. Mtu hulala mwili unapohitaji.

DAKIKA 20 ZINATOSHA

Sasa utauliza, nilale kwa muda gani? Jibu ni fupi: kati ya dakika 10 na dakika 20.

Usingizi una hatua. Hatua za mwanzo ni usingizi mwepesi. Mtu akikuita kwa sauti ndogo unaamka, na kichwa chako ni chepesi. Ukiendelea kulala, baada ya nusu saa hivi unaweza kuingia katika usingizi mzito. Ukiamshwa hapo, unaamka na mang'amung'amu. Hujui ni asubuhi au jioni. Kichwa ni kizito na miguu haina nguvu. Hapo ndipo watu husema, "Usingizi wa mchana umenichosha zaidi." Kumbe kosa lilikuwa kulala muda mrefu.

Fuata mambo haya 5:

1. Jipumzishe kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Ukilala saa 11 jioni, usiku utageuka-geuka kitandani bila kupata usingizi.

2. Tega kengele ya simu, au mwombe mtu akuamshe baada ya dakika 20. Usitegemee kwamba utaamka mwenyewe.

3. Tafuta mahali penye kivuli na utulivu. Fumba macho. Kama una kitambaa, funika macho yako.

4. Jifunike khanga au shuka. Mwili ukitulia hupoa, na Lushoto kuna baridi, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti.

5. Ukiamka, usirukie kazi ya hatari mara moja. Nawa uso, kunywa maji, tembea kidogo. Baada ya dakika chache shika jembe lako.

Usipopata usingizi, usihangaike. Kulala chali tu huku umefumba macho kwa dakika 20 ni mapumziko mazuri. Misuli hupoa na mgongo hunyooka.

Lakini kumbuka neno moja. Usingizi wa mchana hauwezi kuchukua mahali pa usingizi wa usiku. Dakika 20 kwa siku 7 ni dakika 140, yaani saa 2 na dakika 20. Yule mama tuliyemhesabia anadaiwa saa 7. Basi usingizi wa mchana hupunguza deni, haulimalizi. Na kama wewe ni mtu unayekosa usingizi usiku, acha kulala mchana kwa muda, ili usiku usingizi uje wenyewe.

DEREVA WA GARI LA MBOGA

Kuna watu ambao kwao lepe moja la usingizi ni jambo la uhai na kifo. Hao ni madereva.

Mboga za Lushoto hazisubiri. Kabichi na nyanya zikichumwa leo, mwenye mali anataka zifike sokoni Dar es Salaam zikiwa hazijanyauka. Kwa hiyo magari mengi hupakia mchana na kusafiri usiku. Dereva huanza kwa kushuka barabara ya Lushoto, Soni mpaka Mombo, karibu kilomita 33 za kona na makorongo. Kisha huingia barabara kuu. Tangu Oktoba 2023, mabasi ya abiria nayo yanaruhusiwa kusafiri usiku kucha, baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Basi barabarani usiku kuna watu wengi, na maisha yao yamo mikononi mwa madereva.

Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde 4 tu, gari limekwenda karibu mita 67 bila mtu wa kuliongoza. Je, katika barabara ya Soni, mita 67 zinapita bila kona?

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha jambo la kutisha. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anapunguka uwezo wa kazi sawa na mtu ambaye pombe imeanza kumwingia. Dereva aliyeamka saa 10 alfajiri kutafuta mzigo atafikisha saa hizo 17 saa 3 usiku. Huo ndio wakati ambao wengi wao wanaanza safari!

Dereva, fanya hivi. Lala mchana kabla ya kuondoka, wakati vijana wanapakia mzigo. Ukiwa njiani, ukiona unapiga miayo mara kwa mara, au hukumbuki ulivyopita kijiji cha nyuma, simama. Usiwashe redio kwa sauti kubwa ukadhani umepona. Usifungue dirisha ukadhani upepo utakuamsha. Egesha gari mahali salama, mbali na barabara, weka vizuizi vya gurudumu, ulale dakika 20. Unaweza kunywa kikombe cha kahawa kabla ya kufumba macho. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi yake. Utakapoamka, itakuwa tayari inakusaidia.

Kijana wa bodaboda, maneno haya yanakuhusu wewe pia. Pikipiki haina mlango wala ukuta wa kukukinga.

Mwenye mzigo, nawe usimpigie dereva simu kila dakika ukimhimiza. Mzigo uliochelewa nusu saa bado una bei. Mzigo uliotumbukia korongoni hauna bei, na roho ya mtu hainunuliwi.

MAMA NAYE APUMZIKE

Turudi nyumbani. Katika nyumba nyingi, baada ya chakula cha mchana, baba hujinyoosha kwenye kiti au huenda kuzungumza na wenzake. Ni haki yake, kwa sababu amelima. Lakini mama naye amelima. Tena ameamka kabla yake, amebeba majani, amepika. Naye anapoinuka kutoka kwenye chakula, anainukia vyombo na kuni.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, kwa saa nyingi sana kila siku, hata siku za mapumziko. Lilisema pia kwamba wanaume wengi wa vijijini hukaa bila kazi kwa nusu ya maisha yao. Tangu hapo imepita miaka mingi. Kila mmoja wetu ajiulize: je, nyumbani kwangu hali hiyo imekwisha?

Mapumziko ya mama hayahitaji fedha. Yanahitaji mpango. Baba anaweza kumshika mtoto mdogo kwa dakika 20. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wanaweza kuosha vyombo. Kuni zinaweza kusubiri mpaka saa 9. Wageni wanaweza kuambiwa, "Mama amejilaza kidogo, karibuni mketi." Hakuna aibu katika maneno hayo.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanahitaji mapumziko zaidi. Mama mwenye mtoto mchanga huamka mara nyingi usiku. Ushauri mzuri kwake ni huu: mtoto akilala mchana, mama naye alale. Asikimbilie kufua. Nguo chafu hazina haraka kama mwili wake.

WATOTO NA WAZEE

Watoto wadogo wanahitaji usingizi mwingi kwa sababu wanakua. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka 3 mpaka 5 anahitaji saa 10 mpaka 13. Mtoto wa shule wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Mtoto asiyelala vya kutosha huwa na hasira na hashiki masomo. Usimwamshe mtoto mdogo aliyelala mchana kwa sababu tu mgeni anataka kumwona.

Wanaosoma masomo ya jioni nao watafaidika. Mtu akijipumzisha mchana, jioni macho yake hufuata mistari vizuri, na anachosoma hukaa kichwani.

Wazee hulala usingizi mwepesi usiku na husinzia mchana. Waacheni wapumzike. Lakini mzee akianza ghafla kulala mchana kutwa kinyume cha kawaida yake, mpelekeni kwa mganga wa zahanati.

USIJILAZE PO POTE

Usingizi mzuri mahali pabaya huleta hasara. Angalia mambo haya:

Usilale chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Wakati wa baridi watu wengi wa milimani huingiza jiko ndani ili wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu aliyelala haijui hata kidogo. Anaweza asiamke tena. Toa jiko nje kabla ya kulala, mchana na usiku.

Usilale na nguo ulizopigia dawa ya mboga. Vua, oga au nawa kwa sabuni, vaa nguo safi, ndipo ujilaze. Usifanye mfuko au kopo la dawa kuwa mto wa kichwa. Tena, mtu aliyepiga dawa akijisikia kizunguzungu, akatokwa na jasho na mate mengi, akaona ukungu machoni au akatapika, huo si usingizi. Ni sumu. Mvue nguo zenye dawa, msafishe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize kwenye kituo cha afya pamoja na kopo la dawa hiyo, ili mganga aione.

Usilale sakafuni mahali penye panya. Watu wazima wa Lushoto wanakumbuka ugonjwa wa tauni. Ulizuka katika vijiji vya wilaya hii mwaka 1980, ukarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, na ukaua watu wengi. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Anayelala chini, karibu na mahindi yaliyohifadhiwa, huumwa na viroboto kwa urahisi. Lala kitandani. Weka mazao mahali ambapo panya hawafiki.

Ukiwa shambani, usilale kwenye nyasi ndefu, wala ukingoni mwa tuta, wala kando ya barabara. Angalia siafu na nyoka. Weka panga na jembe mbali na kichwa chako. Mtoto mchanga usimlaze peke yake mahali usipomwona.

USINGIZI ULIO DALILI YA UGONJWA

Kusinzia kidogo mchana ni kawaida. Lakini kuna usingizi usio wa kawaida. Nenda zahanati ukiona mambo haya:

Unalala saa nyingi usiku, na bado mchana huwezi kukaa macho. Au unakoroma sana usiku, na aliye karibu nawe anasema pumzi zako hukatika kisha hurudi kwa nguvu. Au una uchovu pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Huenda ni kisukari. Au viganja na ndani ya macho vimepauka, na moyo unakwenda mbio ukipanda mlima kidogo. Huenda ni upungufu wa damu. Au una homa pamoja na usingizi; huenda ni malaria.

Uko pia ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Katika nchi yetu watu wameupata zaidi sehemu za magharibi, kama Kigoma na Tabora. Mgonjwa wa malale huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Baadaye hulala mchana na kukosa usingizi usiku. Ukiwa umetembelea misitu yenye mbung'o na ukaona dalili hizo, mweleze mganga ulikokwenda.

KUNOA PANGA SI KUPOTEZA WAKATI

Wengine watasema, "Nchi hujengwa kwa kazi. Tukilala mchana tutakula nini?" Ni swali zuri. Tangu Uhuru tumefundishwa kuheshimu kazi, na ni sawa. Makala hii haisifu uvivu. Mtu anayelala kutoka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni wakati wenzake wanalima, huyo ananyonya jasho la wengine.

Lakini mtazame mkulima anayefyeka. Kila baada ya muda husimama, hutoa tupa, hunoa panga lake, kisha huendelea. Hakuna anayemwita mvivu. Kila mtu anajua kwamba panga butu hutumia nguvu nyingi na hukata kidogo. Tena huteleza likakata mguu. Mwili wako nao hupata ubutu. Dakika 20 za mchana ndizo tupa yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kesho fanya jaribio. Baada ya chakula cha mchana, mwambie mwenzako, "Lala wewe kwanza, mimi nitashika mtoto." Mwamshe baada ya dakika 20. Kisha ulale wewe. Fanya hivyo kwa wiki moja. Angalieni kazi ya alasiri inakwendaje, na hasira za jioni zimepungua kiasi gani. Mkiona faida, waambieni majirani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu wengi husinzia kati ya saa 7 na saa 9 mchana?

2. Kwa nini ni bora kulala dakika 20 mchana kuliko saa nzima?

3. Hesabu saa za usingizi za kila mtu mzima nyumbani kwako. Nani analala kidogo kuliko wote? Anaweza kusaidiwa vipi?

4. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa. Dereva amesinzia sekunde 6. Gari limekwenda karibu mita ngapi?

5. Taja mahali 3 ambapo ni hatari kujilaza. Eleza sababu.